Kabaila Aliyewasemea Wadogo

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 1:26, 27, Mithali 31:8, 9, Isaya 58:6-10, Mathayo 25:31-46, Luka 12:35-43, Luka 18:1-8, Yakobo 5:1-8.

Fungu la kukariri: Mithali 31:8, 9. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti, na ulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Katika jiji la London kuna jumba linalohifadhi picha za watu mashuhuri wa historia ya Uingereza. Miongoni mwake zimo picha mbili za mtu mmoja. Ya kwanza ilichorwa na George Frederic Watts mwaka 1862, na ya pili na John Collier mwaka 1877. Mchoraji mwingine maarufu wa siku hizo, John Everett Millais, alimchora mtu huyo huyo kwa ajili ya Chama cha Biblia. Ana uso mrefu na ndevu za mashavuni, na macho yake ni ya mtu aliyeona mambo mengi ya kuhuzunisha. Jina lake ni Anthony Ashley Cooper, Earl wa saba wa Shaftesbury. Earl ni cheo cha ukabaila ambacho mwana hukirithi kwa baba yake, pamoja na mashamba na nyumba ya ukoo.

Zamani zile kuchorwa picha ya namna hiyo kulikuwa heshima ya wenye nacho. Mtoto wa kiwandani au wa mgodini hakuwa na wa kumchora. Hata hivyo, mwaka 1842 watoto wa migodini walichorwa, na picha zao zikawekwa mbele ya Bunge la Uingereza kwa sababu kabaila huyu alitaka wenye mamlaka wazione. Juma hili tutafuata maisha yake, na tutajiuliza swali moja: Mtu anayeamini kwamba Yesu anarudi upesi, anapaswa kuwafanyia nini wanyonge walio karibu naye leo?

JUMAPILI: Saa ya Maria Millis

Anthony alizaliwa London tarehe 28 Aprili 1801. Baba yake alikuwa wa ukoo wa Shaftesbury, na mama yake alikuwa binti wa kabaila mkubwa, Duke wa Marlborough. Mtu angedhani kwamba mtoto wa nyumba kama hiyo hakukosa kitu. Kumbe alikosa kitu kikubwa kuliko vyote. Wazazi wake walikuwa wakali na hawakuwa na muda na watoto wao. Mara nyingi watoto hao wa kabaila walilala na njaa na kutetemeka kwa baridi ndani ya nyumba yenye watumishi wengi.

Mmoja wa watumishi hao alikuwa mwanamke aliyeitwa Maria Millis, msimamizi wa kazi za nyumbani. Maria alimpenda Bwana. Alimpakata kijana huyu mdogo, akamsimulia habari za Yesu, na akamfundisha sala ambayo Anthony aliendelea kuisali hata alipokuwa mzee. Kwa kadiri alivyokumbuka mwenyewe, hakuna mtu mwingine nyumbani mwao aliyemwonyesha upendo wa Mungu.

Alipofikia umri wa miaka 7 alipelekwa katika shule ya bweni huko Chiswick. Shule ile ilikuwa chafu na yenye ukatili, na maisha yake yote aliikumbuka kwa uchungu. Kisha Maria akafa. Katika wosia wake alimwachia mtoto yule saa yake ya dhahabu. Anthony aliivaa saa hiyo mpaka mwisho wa maisha yake. Baadaye alikuwa na uwezo wa kununua saa nyingine, lakini alipenda kuwaonyesha watu ile ya Maria, akiwaeleza kwamba alipewa na rafiki bora kuliko wote aliopata kuwa nao duniani.

Maria Millis hakuandika kitabu wala hakuhubiri mkutanoni. Hakuna picha yake katika jumba lile la London. Hakuishi hata kuona mbegu aliyopanda ikichipuka. Lakini mamilioni ya watoto waliofupishiwa saa za kazi au kutolewa gizani wana deni kwa mwanamke huyu bila kumjua. Mtume Paulo alipomkumbuka Timotheo aliwataja pia bibi yake na mama yake (soma 2 Timotheo 1:5). Imani mara nyingi hupitishwa mikononi mwa watu ambao jamii haiwahesabu.

Ni nani aliyekuwa Maria Millis wako? Je, yuko mtoto katika nyumba yako, au katika darasa lako la Shule ya Sabato, ambaye hana mtu mwingine wa kumfundisha kuomba?

JUMATATU: Jeneza na Minyororo

Anthony alipokuwa kijana katika shule ya Harrow, siku moja alisikia kelele na nyimbo za ulevi zikitoka katika uchochoro. Wakatokea wanaume wanne au watano wakiwa wamebeba jeneza la mtu maskini, huku wakiyumba. Hakuna ndugu aliyefuata nyuma. Walipokata kona, jeneza likawaponyoka likaanguka chini, nao wakaanza kutukana. Kijana yule alisimama akashangaa. Binadamu aliyeumbwa na Mungu alikuwa akizikwa hivyo kwa sababu tu hakuwa na fedha wala rafiki. Baadaye alisema kwamba pale ndipo alipoazimia kuitumia nafasi yake kuwatetea maskini. Leo mahali pale Harrow pana kibao cha kumbukumbu ya tukio hilo.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, akafaulu vizuri sana. Mwaka 1826 akaingia katika Bunge la Makabwela akiwa na umri wa miaka 25. Wakati huo alijulikana kama Lord Ashley, kwa kuwa baba yake alikuwa bado hai na ndiye aliyekuwa na cheo cha Earl.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilihusu watu ambao hakuna mbunge aliyetafuta sifa kwa kuwatetea: wagonjwa wa akili. Mwaka 1827 aliwekwa katika kamati ya kuchunguza hali zao. Ushahidi uliotolewa ulitisha. Katika nyumba moja ya binafsi mashariki mwa London, wagonjwa walifungwa kwa minyororo wakiwa uchi juu ya majani makavu tangu Jumamosi alasiri hadi Jumatatu asubuhi, ili watunzaji wapate kupumzika. Lord Ashley hakuridhika na kusoma taarifa. Alikwenda mwenyewe kuwaona.

Mwaka 1828 sheria mpya ikapitishwa, naye akawa mmoja wa makamishna wa kukagua nyumba hizo. Mwaka 1845 sheria nyingine ikaunda tume ya nchi nzima, na yeye akawa mwenyekiti wake. Alishika kazi hiyo miaka 40, hadi alipokufa. Haikumpa umaarufu, kwa maana wagonjwa wale hawakuwa na kura wala sauti.

Soma Mwanzo 1:26, 27. Biblia haisemi kwamba mfano wa Mungu uko kwa wenye akili timamu peke yao, au kwa wenye afya, au kwa wenye mali. Hata leo katika vijiji na mitaa yetu wako wagonjwa wa akili wanaofungwa kamba, wanaochekwa na watoto, au wanaofichwa chumba cha nyuma ili wageni wasiwaone.

Je, kanisa lenu linawafahamu wagonjwa wa akili walio katika familia za washiriki? Ni lini mara ya mwisho mzee wa kanisa au shemasi alipowatembelea?

JUMANNE: Miaka Kumi na Minne kwa Saa Kumi

Mwanzoni mwa karne ya 19 Uingereza ilikuwa imejaa viwanda vya kusokota na kufuma nguo. Mashine hazikuchoka, na wenye viwanda walitaka wafanyakazi wasiochoka pia. Watoto walikuwa wa bei nafuu, na vidole vyao vidogo viliweza kuunganisha nyuzi zilizokatika. Wengi walifanya kazi saa 12, 14 au zaidi kwa siku. Aliyesinzia alipigwa, na baadhi yao walilemaa miguu kwa kusimama mno.

Mbunge Michael Sadler alikuwa ameanza kuwatetea, lakini akashindwa katika uchaguzi wa mwaka 1832. Mapema mwaka 1833 mchungaji mmoja, George Bull, alimwendea Lord Ashley akamwomba aichukue kazi hiyo. Ashley hakuwahi kufanya kazi kiwandani, na alijua kwamba angechukiwa na watu wenye fedha. Alikwenda nyumbani akamweleza mkewe, Emily, gharama yote ya jambo hilo. Emily alimtia moyo asonge mbele. Basi akakubali.

Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria, ingawa haikuwa yote aliyoitaka. Watoto wa chini ya miaka 9 wakakatazwa kufanya kazi katika viwanda vingi vya nguo, wenye miaka 9 hadi 13 wakawekewa kikomo cha saa 9 kwa siku, na wakaguzi wanne wakateuliwa. Ashley aliendelea kudai saa 10 kwa vijana na wanawake. Alipeleka hoja yake tena na tena, na tena na tena ikashindwa. Mwaka 1841 Waziri Mkuu Robert Peel alitaka kumpa kazi yenye heshima katika nyumba ya malkia. Ashley hakuwa na fedha nyingi na watoto wake walikuwa wengi, lakini alikataa, kwa kuwa cheo hicho kingemfunga mdomo.

Kisha likaja jaribu lililo gumu zaidi. Wapiga kura wa Dorset walikuwa wamemchagua aitetee sheria ya kulinda bei ya nafaka. Mwaka 1846 alisadiki kwamba sheria hiyo inawaumiza maskini na inapaswa kufutwa. Aliona si uaminifu kuendelea kukalia kiti alichopewa kwa ahadi nyingine. Akajiuzulu. Mwaka uliofuata, 1847, hoja ya saa 10 ikapita, ikiongozwa na John Fielden, ambaye mwenyewe alikuwa mwenye kiwanda. Ashley, aliyeipigania miaka 14, hakuwamo bungeni. Alishukuru Mungu kwa ushindi ule, ingawa jina lililoandikwa lilikuwa la mwingine.

Hata hapo mambo hayakwisha. Wenye viwanda wakatafuta mianya katika sheria, na mwaka 1850 Ashley, akiwa amerudi bungeni, alikubali mapatano ya saa 10 na nusu ili mianya hiyo izibwe. Baadhi ya wafanyakazi aliowatumikia wakamwita msaliti.

Soma Luka 18:1-8. Mjane wa mfano huu alifundisha nini juu ya kudai haki bila kukata tamaa? Je, ungeendelea na kazi njema kama ungejua kwamba sifa itakwenda kwa mwingine, na lawama itabaki kwako?

JUMATANO: Picha Kutoka Gizani

Sasa turudi nyuma miaka michache. Mwaka 1838, katika mgodi wa makaa ya mawe karibu na kijiji cha Silkstone, kaskazini mwa Uingereza, mvua kubwa ilinyesha na maji yakaingia ndani kwa nguvu. Watoto 26 walikufa maji siku hiyo. Wadogo kati yao walikuwa na miaka 7. Ndipo watu wengi wa mijini walipojua kwamba kule chini, chini ya ardhi, walikuwako watoto.

Mwaka 1840 Lord Ashley aliliomba Bunge liunde tume ya kuchunguza kazi za watoto, na ombi lake likakubaliwa. Wajumbe wa tume wakaingia migodini, wakazungumza na watoto wenyewe, na wakachora waliyoyaona. Taarifa ya kwanza ilitolewa mwaka 1842 ikiwa na picha ndani yake. Wabunge wengi wasingesoma mamia ya kurasa, lakini kila mtu aliyeufungua ukurasa aliona.

Waliona mtoto amekaa peke yake gizani, saa nyingi, kazi yake ikiwa kufungua na kufunga mlango wa hewa gari la makaa linapopita. Wengine waliianza kazi hiyo wakiwa na miaka 5 au 6. Waliona wasichana wamefungwa mkanda kiunoni na mnyororo ukipita katikati ya miguu, wakitambaa kwa mikono na magoti kama wanyama, wakivuta magari ya makaa katika njia nyembamba. Waliona wanawake wakipanda ngazi wamebeba mizigo ya makaa mgongoni.

Tarehe 7 Juni 1842 Ashley alisimama bungeni akazungumza kwa muda wa saa 2. Hakutoa matusi. Alieleza mambo yaliyoshuhudiwa, moja baada ya jingine, na wabunge wengine wakalia. Alipomaliza, Richard Cobden, ambaye mara nyingi alimpinga, alivuka ukumbi akaja kumshika mkono.

Katika Bunge la Mabwanyenye walikuwamo wenye migodi, nao walipunguza makali ya sheria. Ashley alitaka wavulana wa chini ya miaka 13 wasiingie mgodini, lakini wakashusha umri huo hadi miaka 10. Hata hivyo, sheria ilipita mwaka huo huo. Wanawake na wasichana wote wakatolewa chini ya ardhi, pamoja na wavulana wadogo.

Fikiria jambo hili. Ashley alikuwa mtu wa tabaka ambalo hupata joto kwa makaa hayo. Moto uliowaka katika vyumba vya rafiki zake ulitoka mikononi mwa watoto wale. Ilikuwa rahisi kwake kuketi karibu na moto asiulize makaa yametoka wapi. Katika Isaya 58 Bwana anawaambia watu wake kwamba mfungo wake hauko katika kuinamisha kichwa peke yake, uko katika kufungua vifungo vya waliodhulumiwa.

Soma Isaya 58:6-10. Nguo unazovaa, sukari unayotia katika chai, na msichana anayekuosha vyombo nyumbani: je, umewahi kuuliza ni nani aliyechoka ili wewe upumzike? Je, msichana huyo wa kazi analipwa kwa wakati, na anapata nafasi ya kwenda shule na kanisani?

ALHAMISI: Kumngojea Bwana

Wanafunzi wa Shule ya Sabato wanaujua mwaka 1844. Huko Marekani wafuasi wa William Miller walikuwa wakimngojea Yesu, na tarehe 22 Oktoba mwaka huo walikatishwa tamaa kwa uchungu. Mwaka huo huo, katika mitaa michafu ya London, walimu wa kujitolea waliunda umoja wa shule za watoto wenye matambara, yaani watoto waliokuwa wachafu mno na wenye nguo zilizochanika mno kupokelewa katika shule nyingine. Ashley akawa rais wa umoja huo, na akabaki hivyo karibu miaka 40. Aliingia katika shule zile usiku, akaketi na watoto waliolala chini ya madaraja, na alijua majina ya wengi wao.

Mwaka 1848 mmisionari mmoja wa mjini alimwalika kukutana na wezi. Wakaja karibu 400 katika chumba kimoja. Aliwasihi waache wizi na waombe msaada wa Mungu. Mmoja akamjibu kwa heshima kwamba sala ni njema, lakini haijazi tumbo lenye njaa. Ashley hakukasirika. Aliona kwamba mtu yule amesema kweli. Tangu hapo alitafuta fedha, hata bungeni, ili vijana maskini wasafirishwe kwenda kuanza maisha mapya katika nchi kama Australia, na wengi wakaenda.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Ashley aliamini kwa moyo wote kwamba Yesu atarudi mwenyewe, kwa kuonekana. Kwenye bahasha za barua zake aliweka kwa Kigiriki ombi lile la mwisho wa kitabu cha Ufunuo, linalomsihi Bwana Yesu aje. Barua za kudai sheria za viwanda na za kuombea watoto chakula zilitoka mezani pake zikiwa na tumaini hilo. Kwake yeye, kumngojea Bwana hakukuwa sababu ya kuiacha dunia ioze.

Mwaka 1851 baba yake alikufa, naye akawa Earl wa Shaftesbury. Alirithi mashamba yenye madeni na vijumba vibovu vya wafanyakazi. Miaka ya nyuma alikuwa amesema hadharani juu ya umaskini wa vibarua wa Dorset, na baba yake akamkasirikia sana. Sasa vibarua hao walikuwa mikononi mwake, akaanza kuwajengea nyumba bora, huku akikopa. Mwaka huo pia akawa rais wa Chama cha Biblia. Katika siku za urais wake chama hicho kilichapa Agano Jipya la Kiswahili cha Unguja lililotafsiriwa na Askofu Edward Steere pamoja na wasaidizi wake.

Hakuwa mtu mkamilifu. Aliogopa kuwapa watu wa kawaida kura, na alikuwa mwepesi wa kuhukumu vitabu asivyovipenda. Aliitunza Jumapili kwa bidii, na mwaka 1850 alifaulu kwa majuma machache kuifanya serikali isimamishe barua siku hiyo, mpaka hasira ya watu ikaiondoa amri. Sisi tunaoamini kwamba ibada haipaswi kulazimishwa kwa sheria ya serikali tunaona hapo alipokosea. Lakini kosa hilo lisitufanye tukatae kujifunza kwake jambo ambalo pengine alilitenda kuliko sisi.

Alijua pia msiba. Mwanawe Francis alikufa akiwa shuleni Harrow mwaka 1849. Mwaka 1872 mkewe Emily alifariki, na kabla mwaka haujaisha binti yao Constance akamfuata. Mzee huyu aliendelea na kazi, akitazamia ufufuo.

Soma Luka 12:35-43 na Yakobo 5:1-8. Katika mafungu yote mawili, kungojea marejeo ya Bwana kunahusianaje na jinsi tunavyowatendea watumishi na vibarua?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Kazi moja nyingine ilimchukua Shaftesbury miaka mingi. Katika nyumba za Uingereza, masizi ya dohani yalisafishwa na watoto waliopandishwa ndani ya njia hizo nyembamba za moshi. Wengine walikwama na kufa. Sheria ya mwaka 1840 ilikataza, lakini haikufuatwa. Sheria ya mwaka 1864, aliyoisimamia yeye, nayo haikufuatwa. Mwenye nyumba hakutaka kusumbuliwa, na hakimu hakutaka kumwadhibu rafiki yake. Mwezi Februari 1875 mtoto George Brewster alikufa baada ya kupandishwa katika dohani ya hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Cambridge. Shaftesbury, mwenye umri wa miaka 73, alirudi tena bungeni na hoja ile ile. Safari hii sheria ilitaka kila msafishaji awe na leseni, na polisi wakapewa kazi ya kuisimamia. Biashara ile ya watoto ikakoma.

Alikufa tarehe 1 Oktoba 1885 katika mji wa pwani wa Folkestone, akiwa na miaka 84. Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa kuu la Westminster Abbey, ambako wakuu wengi wa nchi walizikwa. Lakini yeye alikuwa ametaka kuzikwa kijijini kwao, Wimborne St Giles, nako ndiko alikozikwa. Siku ile ya ibada London, makabaila walikuwamo, lakini walioujaza mji walikuwa wengine: watoto wa shule za matambara, wasichana wauza maua, na wachuuzi wa matunda na mboga ambao aliwahi kujiunga na chama chao, nao wakamzawadia punda. Tofauti na maskini yule wa Harrow, jeneza hili lilikuwa na waombolezaji maelfu, na wengi wao walikuwa maskini.

Baadaye mchongaji Boehm alitengeneza sanamu yake ya marumaru iliyowekwa Westminster Abbey. Mwaka 1893 chemchemi ya kumbukumbu yake, kazi ya Alfred Gilbert, ilizinduliwa Piccadilly Circus katikati ya London. Juu yake yuko kijana mwenye mabawa na upinde, na wageni wanaopiga picha hapo kila siku wengi wao hawamjui aliyekumbukwa kwa chemchemi hiyo.

Picha, marumaru na chuma vitapita. Katika Mathayo 25:31-46 Mfalme hatauliza ni nani aliyechorwa vizuri. Ataonyesha nyuso za wenye njaa, wageni, wagonjwa na wafungwa, na kusema kwamba uso wake ulikuwa pamoja nao. Miongoni mwa watakaoshangaa watakuwamo wale walioupita bila kuutazama.

Maswali ya Kujadili:

1. Shaftesbury alizaliwa na cheo, nacho akakitumia kwa ajili ya wasio na cheo. Kila mmoja wetu ana nafasi fulani: elimu, kazi, sauti kijijini, au simu yenye namba za watu wakubwa. Wewe una nafasi gani, na ni nani anayefaidika nayo?

2. Wengine husema kwamba kwa kuwa Yesu anakuja upesi, kazi yetu ni kuhubiri tu, na mambo ya mishahara na kazi za watoto tuyaachie serikali. Kwa kutumia Yakobo 5:1-8, ungewajibuje kwa upole?

3. Mwizi mmoja alimwambia Shaftesbury kwamba sala haijazi tumbo. Linganisha na Yakobo 2:15, 16. Je, darasa lenu linaweza kufanya jambo gani moja katika robo hii kwa mtoto mmoja asiyekwenda shule? Pangeni leo nani atafanya nini, na lini mtaleta taarifa.

4. Alikuwa sahihi katika mambo mengi na alikosea katika mengine. Tunawezaje kujifunza kwa watu kama hao bila kuwaabudu na bila kuwadharau?